Kabla ya Kumkabidhi Daktari Funguo za Hospitali

Kila hospitali za umma zinapolinganishwa na za binafsi, meneja wa umma huonekana mzembe na mwenzake wa binafsi huonekana hodari. Naona ulinganisho huo hauwatendei haki wote wawili, kwa kuwa unachanganya ujuzi wa kuongoza na mamlaka ya kuutumia.

Chukua mashine ya eksirei iliyoharibika. Meneja wa hospitali ya binafsi humpigia simu fundi, hupatana naye bei na kuidhinisha malipo siku hiyohiyo. Yule wa umma huandika ombi, husubiri kibali cha fedha na hufuata taratibu za zabuni, na pengine mwaka wa bajeti humalizika fundi hajafika. Taratibu hizo zina sababu ya kuwepo, maana fedha ni za walipa kodi na ni lazima zilindwe. Hata hivyo, meneja anayezijua vyema huingia mkataba wa matengenezo mapema, mashine ikiwa bado nzima, ili siku itakapogoma kibali kiwe tayari. Huo ni ujuzi kamili, wala haupatikani katika masomo ya udaktari.

Lakini sekta zote mbili zina mazoea ya kumchukua daktari bingwa aliyesifika katika chumba cha upasuaji na kumkabidhi bajeti, stoo ya dawa na mamia ya watumishi, bila kumfundisha kusoma taarifa ya fedha, kupanga zamu wala kusuluhisha migogoro. Sisemi kwamba madaktari wasiongoze. Utafiti wa Amanda Goodall uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu hospitali mashuhuri za Marekani ulionyesha kuwa zile zilizoongozwa na madaktari zilikuwa na alama za juu zaidi za ubora, ingawa haukuthibitisha kwamba udaktari wenyewe ndio uliozileta. Ninachopinga ni kudhani kwamba uongozi utakuja wenyewe.

Sekta binafsi nayo ina mapungufu yake. Mgonjwa huruhusiwa saa tatu asubuhi, na hadi saa kumi jioni bado ameketi ukingoni mwa kitanda, mfuko wake miguuni, akisubiri bili ipite maabara, famasi na bima, huku mgonjwa mwingine akisubiri kitanda hichohicho akiwa juu ya machela. Hakuna mtumishi aliyekuwa mvivu hapo. Hakuna tu aliyepewa jukumu la kuianza bili jana yake jioni.

Wanaotaka hospitali za umma ziendeshwe kama biashara wakumbuke hospitali ya Stafford, Uingereza, ambako kati ya mwaka 2005 na 2009 uongozi wa hospitali ya umma ulizama katika malengo na kubana matumizi, wauguzi wakapungua, na wagonjwa wakaachwa na kiu na katika shuka chafu. Ripoti ya mwaka 2013 ya Robert Francis, wakili aliyeongoza uchunguzi wa kisa hicho, ilitoa mapendekezo 290. Takwimu zilizofika mezani kwa wakubwa zilikuwa nzuri kuliko hali ya wodini.

Kwa hiyo usaili wa meneja, awe wa umma au wa binafsi, ningependa usiishie chumba cha mikutano. Apelekwe wodini, achaguliwe dawa moja, na aambiwe aifuatilie kutoka stoo hadi kwa mgonjwa, akieleza kila mahali inapokwama na nani wa kuikwamua.