Tangi limeng'olewa, visima vya kupimia vifungwe lini?

Tangi la petroli lililovuja likishang'olewa na shimo kufukiwa, vinabaki vile visima vyembamba vya kupimia, na mafundi wanaokuja, mara nyingi kila miezi mitatu, kuchota sampuli za maji ya ardhini. Hapo ndipo mabishano huanza. Mwenye kiwanja anataka visima vifungwe, kwa kuwa kila awamu ya vipimo ni gharama na wanunuzi wanakiogopa kiwanja chake. Jirani anayekunywa maji ya kisima anataka vipimo viendelee. Wote wana hoja, lakini wanagombania idadi ya miaka, na miaka peke yake haithibitishi chochote.

Hoja ya mwenye kiwanja ina nguvu kuliko wengi wanavyokubali. Wapo bakteria udongoni wanaokula petroli. Huanza kwa kutumia oksijeni. Ikiisha huhamia nitreti, chuma na salfeti, na mwisho huzalisha methani. Mwaka 1995 watafiti wa Lawrence Livermore, maabara ya taifa ya Marekani, walichambua maeneo ya California ambako matangi yalivuja, wakaona kwamba mara nyingi benzeni, kemikali yenye sumu iliyomo kwenye petroli, husambaa umbali fulani kisha husimama. Mwaka 2012 jimbo hilo likapitisha sera ya kufunga maeneo yenye hatari ndogo hata kama mabaki ya mafuta bado yapo. Tena, kisima cha kupimia kilichosahaulika, mfuniko umevunjika, ni njia ya kupeleka uchafu moja kwa moja kwenye maji.

Lakini si kila kilichomo kwenye petroli huliwa upesi. MTBE, kiongezi kilichochanganywa kwenye petroli ya Marekani kwa miaka mingi, huyeyuka vizuri majini, huenda na maji yaendako na huchelewa kuoza. Mwaka 1996 mji wa Santa Monica ulilazimika kufunga visima vyake kwa sababu ya kemikali hiyo, ukapoteza karibu nusu ya maji yake. Anayeishi upande ambao maji yanaelekea ana haki ya kutoridhishwa na maneno ya jumla kuhusu bakteria.

Kwangu mimi, swali la kwanza ni kina cha maji siku sampuli ilipochotwa. Petroli ni nyepesi kuliko maji, hivyo huelea juu yake. Maji yakishuka, nayo hushuka na kujipaka kwenye udongo. Yakipanda, sehemu yake hunaswa chini ya maji na kuyeyuka kidogo kidogo. Kwa hiyo kipimo kinaweza kuonekana kizuri mwaka mzima, kisha kikapanda maji yanapofika kwenye udongo uliopakwa mafuta. Na maji yakipanda kupita sehemu yenye matundu ya bomba la kisima, ambayo maji huingilia, mafuta yanayoelea hayaingii kisimani. Kisima kinasomeka kisafi ilhali mafuta yapo hapo hapo. Ripoti isiyotaja kina cha maji na kina cha matundu mimi siiamini, hata maabara ikiwa bora namna gani.

Usahihi huu si ushabiki. Benzeni husababisha saratani ya damu, na kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita. Marekani inaruhusu 5 tu. Kwa viwango vidogo hivyo, hata hewa iliyobaki kwenye chupa ya sampuli inaweza kupotosha jibu, maana benzeni huruka upesi.

Kwa hiyo majirani wengi wanadai miaka zaidi pale walipopaswa kudai kisima kimoja zaidi, kati ya lilipokuwa tangi na maji wanayokunywa. Visima vitatu ndivyo vya chini kabisa kuonyesha maji yanaelekea wapi, na mwelekeo huo hubadilika mtu akianza kuvuta maji mengi jirani. Mwenye kiwanja naye akionyesha kwamba udongo uliolowa mafuta umeondolewa, na kwamba vipimo vimeshuka maji yakiwa juu na yakiwa chini, sioni sababu ya kumkatalia. Avifunge kwa kuvijaza saruji au bentonaiti, udongo unaovimba ukilowa, kuanzia chini hadi juu, na matokeo yote yaingie kwenye faili la kiwanja, ili atakayechimba msingi baadaye ajue kulikuwa na nini.