Mjusi wa Dodoma na Maringo Yake

Anayesema kupiga picha maua ni starehe, aje bustanini hapa Dodoma mwezi wa kumi na moja, mvua bado haijashika. Unachuchumaa mbele ya bogenvilia, umebana pumzi, ua limetulia tuli, kidole kinashuka... pwaa! Upepo huo. Ua limeenda kushoto, vumbi jichoni, na kwenye simu kuna ukungu wa zambarau. Unarudia, nao unarudia. Huu upepo una mtu anayeuambia "sasa!"

Nikageukia mbuyu. Kumbe ua la mbuyu nalo lina masharti: linafunguka jioni giza likiingia, wateja wake ni popo, na kesho yake limenyauka. Saa hiyo hiyo linapofunguka, mlinzi naye anafunga geti. "Mzee, maua yako hapa kesho." Ua lipi, anko? La kesho ni jingine!

Basi nikahamia kwa wanyama. Juu ya mwamba kakaa mjusi dume, kichwa chekundu, mwili wa buluu, anapiga pushapu. Wataalamu wanamwita Agama dodomae. Yaani huyu alibeba jina la Dodoma kabla hata Serikali haijaamua kuhamia huku mwaka 1973, ndiyo maana ana maringo ya baba mwenye nyumba. Nikimtazama kwa macho, pushapu. Nikiinua simu, anainamisha kichwa kunikagua. Nikibonyeza, kabaki mkia tu. Nina albamu nzima ya mikia, na simu inalalamika imejaa.

Mama watoto akachoka. "Baba Neema, gauni jipya hili unalionaje? Niache nizeeke hapa wewe unafukuza mijusi?" Haya, simama hapo kwenye mwamba. Nikapiga moja tu.

Mungu wangu! Begani kwake mjusi katoka mwenyewe, kifua mbele, kichwa juu, anaitazama kamera kama mgombea. Upepo umetulia, mwanga safi. Kasoro moja: mama watoto kafumba jicho na mdomo uko nusu, alikuwa ananiambia niharakishe.

"Futa."

"Mke wangu, mtazame mjusi..."

"Futa, au unikate mimi."

Nimejaribu kumkata. Kichwa cha mjusi kinabaki, kizuri kweli kweli. Mkia ndio umeenda na gauni.