Ndumilakuwili Wenye Suti

Jamani, mimi nikisema "niko njiani" na huku bado natafuta soksi, aliyenipigia anajua papo hapo, na lawama nazila wiki nzima. Sasa waone wakubwa wa dunia! Wanadanganyana kwa barua zenye mhuri, wanapigwa picha wakicheka, halafu mambo yakiharibika, wewe mwenye shida yako ya viza ndiye unayeambiwa subiri, uhusiano umeingia doa.

Mwaka 1945 watoto wa Kisovieti walimpelekea balozi wa Marekani mjini Moscow zawadi: nembo ya taifa lake, imechongwa kwa mbao, maridadi kabisa. Nani ana roho ya kukataa zawadi ya mtoto? Ikatundikwa ukutani, kwenye makazi ya balozi. Kumbe ndani mna kidude cha kunasa sauti! Hakina betri, hakina waya, kinaamshwa na mawimbi ya redio kutoka nje ya jengo. Kilikuja kugunduliwa 1952. Mabalozi wanakuja, wanaondoka, nembo ipo tu inasikiliza. Kinachoniuma ni wale watoto. Watu wazima na vyeo vyenu, mnawatuma watoto!

Lakini usimwonee huruma sana Mmarekani. Mei 1960 ndege yake ya ujasusi, U-2, ilitunguliwa ndani ya anga ya Wasovieti. Washington ikajibu haraka: aa, ile ni ya kuchunguza hali ya hewa, imepotea njia. Khrushchev, kiongozi wa Wasovieti, kuhusu rubani kimya. Akawaacha waseme wee, wakolee, ndipo akatangaza kwamba rubani yu hai na yuko mikononi mwake. Mkutano wa kilele wa wakubwa hao mjini Paris mwezi huohuo ukavunjika. Na ile nembo? Marekani ikaibeba hadi Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kuionyesha: na nyinyi je? Hapo utadhani ni watu wazima.

Hao walau walikuwa mahasimu, kila mtu alijua. Nongwa yangu mimi ni marafiki. Australia ilikuwa na mpango na Ufaransa tangu 2016, nyambizi 12. Mwishoni mwa Agosti 2021 mawaziri wa pande mbili wanatoa taarifa ya pamoja, wanasifia mradi. Wiki mbili na siku chache tu baadaye, Australia inatokea na Marekani na Uingereza kutangaza AUKUS, ushirikiano wao watatu wa ulinzi: nyambizi za Mfaransa basi, tunachukua zinazoendeshwa kwa nyuklia kwa hawa. Huko nyuma walikuwa wakinong'ona miezi!

Ufaransa ikawaita nyumbani mabalozi wake, wa Canberra na wa Washington, kwa mashauriano. Wa London ikamwacha palepale. Waziri wa mambo ya nje akasema Uingereza katika jambo hili ni gurudumu la tano tu. Yaani umesaliti, na hata kununiwa hununiwi! Mimi hilo lingeniuma kuliko kufukuziwa balozi.

Mwaka 2022 Australia ikakubali kuilipa kampuni ya Wafaransa Euro milioni 555 yaishe, na nyambizi hata moja haikupokelewa. Hela hizo zimetoka mfukoni kwa nani? Kwa mlipa kodi wa kule, mtu kama mimi, anayetafuta soksi zake asubuhi, ambaye hajawahi kumdanganya Mfaransa yeyote.