Ruta nne ziko wapi kijana?

Bosi alitaka kila idara iwe na ruta yake, kile kifaa cha kupitisha data kati ya mitandao, ila hela ilikuwa ya ruta moja tu, sa mi nikamwambia bosi tulia, hii ruta ya Juniper MX inagawanyika, humo ndani unatengeneza lojiko sistemu mpaka 15, yaani ruta za kufikirika, kila moja na intafesi zake (milango ya data) na ruti zake (njia za data), ukihamia ya uhasibu hata promti, ule mstari wa kuandikia amri, inaandika uhasibu, unajiona uko kwenye mashine nyingine kabisa. Bosi akafurahi mno. Akaandika barua kwenda stoo: zimepokelewa ruta 4.

Stoo yetu ina mzee mmoja ambaye kitu bila stika yake hakijazaliwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ruta nne ziko wapi kijana?"

"Ndo hii mzee."

"Hii moja."

"Zingine zimo humo humo."

Akaizunguka raki, akachungulia nyuma, akanitazama kama mtu aliyeuza tatu usiku. Nikamwacha humo chumba cha seva na leja yake, nikapanda juu kumalizia kazi, maana uhasibu na mauzo bado walikuwa wanagombania printa moja. Dawa yake ni briji domeni, kundi la porti zinazoongea kama ziko swichi moja, ya VLAN 100 (mtandao mdogo wenye namba hiyo) kila upande, alafu unaziunganisha kwa lt, ile intafesi ya tanelo, waya wa kufikirika unaotoka lojiko sistemu hii unaingia ile bila kupita nje. Porti za akiba za huko mbele nazo nikaziingiza VLAN hiyo hiyo, nikazibandikia karatasi UHASIBU na MAUZO.

Nikakomiti, yaani nikaiambia ruta ianze kutumia konfigi (mipangilio) mpya, kwa ile staili ya kusubiri uthibitisho, usipothibitisha ndani ya dakika 10 inarudi yenyewe ilivyokuwa. Printa ikatoa karatasi, watu wakashangilia, nikawa nanyoosha mkono nithibitishe, pwaa, skrini ikaganda. Simu za mezani kimya, mauzo wanapiga kelele, dada wa uhasibu ananiuliza kaka umefanyaje tena.

Nikatulia kibishoo, nikawaambia itarudi. Na kweli dakika zikaisha, konfigi ikajirudi, netiweki ikafufuka. Nikaisoma mstari kwa mstari, safi kabisa. Nikakomiti tena. Ikafa papo hapo, hata printa haikukohoa.

Nikabeba laptopu na kebo ya konso, ile ya kuingia kwenye ruta moja kwa moja, nikashuka mbio. Nafika nakuta taa za porti zote zinawaka na kuzima kwa pamoja, disko tupu, na katikati kuna kebo ya njano mpyaaa, imetoka porti ya UHASIBU imeingia porti ya MAUZO. Na stika juu yake.

"Mzee, hii nani kachomeka?"

"Mimi. Umeandika uhasibu na mauzo, naona hazijaungana, nikajua umesahau, nikakutolea waya stoo. Hata sijakudai saini."

Sa hapo lt inawaunganisha ndani, kebo ya mzee inawaunganisha nje, brodikasti, ile data inayotumwa kwa wote, inatoka huku inarudi kule inazunguka bila kuchoka, na MX haiwashi RSTP, ile itifaki ya kuzuia miduara, mpaka umeiambia, kwahiyo hakuna wa kuukata huo mduara. Ndo maana konfigi ikijirudi kulikuwa na amani, porti zile zinakuwa hazina kazi, kebo inaning'inia tu. Nikaichomoa, taa zikatulia, juu nikasikia printa inatapika kazi zote za asubuhi.

Nikamwelewesha mzee taratibu kwamba zilishaungana tayari, kuna waya humo ndani ila hauonekani, unaitwa lt. Akanisikiliza mpaka mwisho, akavaa miwani, akafungua leja ukurasa mpya.

"Huo waya nao una urefu gani? Na nani alisaini kuutoa stoo?"