Kishikwambi Changu Hakijafa, Kimekataliwa

Jana saa mbili asubuhi nilikuwa nimekwisha kuketi kikatibu. Kwa wasionifahamu, mimi ndiye katibu wa kikoba cha mtaa wetu, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, chenye wanachama 24 na wadeni 31, kwa sababu wako waliohama mtaa lakini deni wakaliacha limekaa. Miwani ilikuwa usoni, daftari la hisa lilikuwa kulia, chai ilikuwa kushoto, na katikati kulikuwa na kishikwambi changu. Niligusa programu ya benki ili nihakikishe kwamba michango ya wiki imeingia, nayo ikanijibu kwa adabu ya kutisha kwamba toleo la mfumo ninalolitumia halikubaliki tena, hivyo kwa usalama wangu mwenyewe sitaingia. Kwa usalama wangu! Fedha ni zetu, kidole ni changu, na nywila naijua mimi peke yangu. Hata Mama Zuhura haijui, ingawa amekwisha kujaribu siku za kuzaliwa za watoto wote.

Naomba ieleweke kwamba kifaa chenyewe hakina kosa. Kinawaka, kinasoma, kinaandika, na ufa ulio kwenye kona ya kioo nimeuziba kwa selotepu tangu siku mtoto wa jirani alipokigeuza kuwa kigari. Kina kioo cha inchi 10.1, kumbukumbu ya GB 2, na hifadhi ya GB 32, ambazo kwa kweli hazijapata kuwa 32 hata siku moja, maana mfumo wenyewe huanza kujichukulia sehemu yake, mithili ya mwenye nyumba anayekupangisha vyumba viwili kisha akajaza magunia yake katika kimoja.

Kosa lake ni umri tu. Zamani matoleo ya Android, mfumo unaokiendesha kifaa changu, yalikuwa yakipewa majina ya vitu vitamu: kulikuwa na Nougat, kukawa na Oreo, na mwaka 2018 toleo la 9 likaitwa Pie. Mwaka 2019, toleo la 10 lilipotoka, wakaacha utamu hadharani wakabaki na namba tupu. Mimi nimebaki mezani na kitafunio changu cha mwaka 2018 mkononi, huku wenzangu wakiwa wamekwisha kufika toleo la 16, lililotoka mwaka 2025. Usidhani kwamba sikutaka kuwafuata. Toleo jipya haliji lenyewe kama mvua. Ni lazima kiwanda kilichotengeneza kifaa kilitayarishe kwa ajili ya kila modeli, na kwa sisi tulionunua vya bei ya chini, kiwanda hutayarisha mara moja au mbili kisha kikatusahau. Baada ya hapo programu nazo, moja baada ya nyingine, hupandisha kizingiti chake, na wewe ambaye hujasogea hata hatua moja unaambiwa kwamba umebaki nyuma.

Nakumbuka heshima ya chombo hiki. Mwaka 2022 karani wa sensa alipobisha hodi na kishikwambi chake, nilimpokea na changu mkononi, tukasimama mlangoni kama maofisa wawili wa wizara moja, na majirani wakaona. Taifa lilipotangaziwa kwamba tuko watu 61,741,120, nilijiona nimeshiriki katika kazi ya kuhesabu, wala si mhesabiwa tu.

Mama Zuhura alisikiliza malalamiko yangu yote akauliza swali moja: "Baba Zuhura, kimekufa?" Nikamjibu kwamba hakijafa, kimekataliwa. Akasema kwamba hata yeye asingenunua kitanda kipya kwa sababu wageni wamekikataa cha zamani. Zuhura, ambaye yuko kidato cha nne na anadhani kila kilichotangulia mwaka wake wa kuzaliwa kilichimbuliwa ardhini, alisema tu kwamba tukipeleke makumbusho.

Nikaenda Kariakoo. Kuhusu daladala sisemi kitu, isipokuwa kwamba mguu wangu wa kushoto ulifika kituoni dakika kadhaa baada ya wa kulia.

Sikuwa nimemaliza hatua kumi katika Mtaa wa Aggrey kabla kijana mmoja hajanishika mkono kama mjomba wake aliyepotea. "Shikamoo mzee wangu, simu, tableti, kompyuta?" Nikamwitikia marahaba, na hilo ndilo lilikuwa kosa langu, kwa kuwa ukimwitikia salamu winga, dalali wa kuvuta wateja madukani, umekwisha kusaini mkataba. Nilimweleza kwa utaratibu kwamba sijaja kununua, nimekuja kufanya uchunguzi wa kulinganisha kati ya kubaki na nilichonacho na kuhamia toleo jipya. Akasema, "Nimekuelewa mzee wangu, unataka kipya," akanivuta.

Katika duka la kwanza bei ilikuwa shilingi 490,000, nami nikaanza kuona dunia kuwa mahali pa haki. Boksi lilikuwa jeupe, limechanika kidogo kwenye kona ya chini. Nikauliza laini inaingia wapi. Muuzaji akanitazama kwa huruma, akasema kwamba hiki ni cha Wi-Fi tu. Nyumbani kwangu Wi-Fi ni jina la mbwa wa jirani, kwa hiyo nikaomba chenye laini. Akasema kipo, ni 580,000, lakini stoo iko mtaa wa pili, nisubiri. Winga, kwa kunihurumia nisichoke kusubiri, akasema ananipeleka kwa ndugu yake ambaye anacho tayari dukani.

Kwa ndugu yake tulikaribishwa viti. Kijana mmoja akaingia kwa mlango wa nyuma akitweta, akaweka mezani boksi jeupe lililochanika kidogo kwenye kona ya chini. Bei ilikuwa 620,000. Nilinyamaza, kwa sababu mtu mwenye cheo hashuku haraka. Nikasema kwamba mbona kule ni 580,000, wakaniambia kwamba kile cha kule ni cha soko lingine, lakini hiki ni orijino. Nikawakumbusha kwamba mimi ni miongoni mwa Watanzania walioushuhudia usiku wa Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu bandia nchi nzima, na kwamba tangu hapo sinunui kitu chenye laini bila kubonyeza *#06# na kuituma namba ya IMEI, yaani ya utambulisho wa kifaa, kwenda 15090. Wakasema niko huru kabisa kufanya hivyo, nikishalipa.

Tukahamia duka la tatu. Njiani niliona kwa macho yangu kijana yule yule akitupita mbio kwenye uchochoro, boksi kwapani, akimwomba radhi mama muuza maji aliyemgonga. Tulipofika, boksi lilikuwa limekwisha kukaa juu ya kaunta, kona ya chini imechanika zaidi kidogo kwa sababu ya safari, na bei ilikuwa 650,000. Kijana alikuwa amesimama pembeni akijifuta jasho kwa kofia, akijifanya hajapata kuniona. Kumbe maduka ni matatu, kishikwambi ni kimoja, na kinachopanda bei ni pumzi ya yule mkimbizaji! Nikamwambia winga kwamba tukizunguka maduka mengine manne nitakuwa nimenunua gari. Akacheka, nami nikacheka, halafu nikagundua kwamba mimi sikuwa natania.

Tulirudi duka la kwanza, kwenye 580,000. Hapo nikaomba hesabu kamili, kwa sababu mimi ni mtu wa madaftari. Kava, 25,000. Kioo cha kukinga kioo, 15,000. Nikafungua boksi nikakuta waya bila kichwa cha chaja, na kichwa kikawa 30,000. Nikasema ninayo chaja nyumbani, tena ni mbili, wakauliza mdomo wake ukoje, nikawaeleza, wakacheka wote pamoja na mteja aliyekuja kununua isiafoni za masikioni. Siku hizi karibu vyote vipya vina tundu la USB-C. Umoja wa Ulaya umeiweka hiyo kisheria kwa simu na vishikwambi vinavyouzwa kwao tangu tarehe 28 Desemba 2024, na viwanda havitaki kutengeneza tundu moja la Ulaya na jingine la Mbagala. Wabunge walioketi Strasbourg wameifuta kazi droo yangu nzima, bila hata kuniandikia barua. Kisha nikadai risiti, na bei ikaongezwa asilimia 18 ya kodi, kwa maelezo kwamba ile ya mwanzo ilikuwa "bei ya kirafiki". Kwa hiyo 580,000 ikawa 684,400, na pamoja na kava, kioo na kichwa cha chaja jumla ikawa 754,400.

Nikasema basi wapokee hiki changu, niongezee pesa. Muuzaji alikipokea kwa vidole viwili, akakitazama ubavuni kama mnunuzi wa mbuzi anayetafuta umri kwenye meno. Akasema 60,000. Halafu akakilaza juu ya kioo cha kaunta, akakigusa kidogo, nacho kikazunguka taratibu nusu duara. Akanyamaza. Akamtazama winga, na winga akatazama dari. Akasema 35,000, pamoja na kava yake. Sikuelewa ni kosa gani kimefanya ndani ya sekunde tatu lililokigharimu 25,000.

Zikabaki 719,400, sawa na hisa 143 za kikoba kwa 5,000 kila moja, na chenji ya 4,400. Na ni kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya kufanya yale yale niliyokuwa nikiyafanya wiki iliyopita! Sikuomba kamera ya pili. Sikuomba kioo king'ae zaidi. Steve Jobs alipoionyesha iPad ya kwanza mjini San Francisco tarehe 27 Januari 2010, aliketi kwenye kochi, akasoma gazeti; nami nilichotaka ni hicho tu, kuketi na kusoma, na sasa niko Aggrey jua la saa saba, nimezungukwa na vijana wanne, nabembelezwa nilipe zaidi ya laki saba ili benki inifungulie mlango wa fedha za watu ambao wenyewe hawajazilipa. Nadhani maneno haya niliyasema kwa sauti, kwa sababu mteja wa isiafoni aliniletea kiti.

Nilirudi nyumbani na kishikwambi changu. Jioni nilichukua simu ndogo ya batani, nikabonyeza namba za menyu ya benki, na michango yote ikaonekana, isipokuwa ya yule bwana ambaye kila wiki huapa kwamba "ameshatuma". Nikafurahi, nikakilaza kishikwambi mezani ili niandike. Kikazunguka. Nikakirudisha, kikazunguka tena, kama pia ya mtoto. Mama Zuhura akainama, akakitazama ubavuni vile vile alivyofanya yule muuzaji, akasema, "Baba Zuhura, hiki kina mimba."

Betri imevimba. Nimekizima, nimekichomoa kwenye umeme, na kimelala juu ya saruji uani, mbali na nyumba na mbali na kuku. Kesho nitauliza kwa fundi bei ya betri, halafu, kwa ajili ya kumbukumbu za ofisi tu, nitampigia winga nimuulize lile boksi limefikia duka la ngapi. Namba yake nilikuwa nimeihifadhi ndani ya kishikwambi.