Bessie Smith: bluzi halisi au muziki wa soko?

Wapenzi wa bluzi, muziki wa Wamarekani Weusi, wamegawanyika kuhusu Bessie Smith, mwimbaji Mmarekani Mweusi wa miaka ya 1920. Kwa kundi moja yeye ndiye kilele cha bluzi, na nyimbo za majumba ya burudani alizorekodi ni takataka alizotwishwa na kampuni. Kundi la pili linasema alikuwa mwimbaji wa jukwaani tangu mwanzo, na bluzi ilikuwa sehemu tu ya kazi yake.

Historia inalipa nguvu kundi la pili. Bessie, mzaliwa wa Chattanooga, Tennessee, alikulia kisanii kwenye mahema na kumbi za Kusini mwa Marekani, ambako msanii alicheza, alichekesha na kuimba chochote ambacho umati ulikitaka. Hata santuri yake ya kwanza kutolewa na kampuni ya Columbia, "Downhearted Blues" ya 1923, haikuwa wimbo wa kienyeji uliochimbuliwa shambani. Mwimbaji Alberta Hunter, mmoja wa watunzi wa wimbo huo, alikwisha kuirekodi mwaka mmoja kabla. Columbia walichukua wimbo uliokwisha kupata wasikilizaji, wakampa mwenye sauti kubwa zaidi, nao ukauzika mno.

Tena kuna "Nobody Knows You When You're Down and Out" ya 1929, wimbo ambao pengine ndio unaomtambulisha zaidi leo. Kwa muundo, huo si bluzi: ni wimbo wa jukwaani wa Jimmy Cox. Wanaotaka kumchuja Bessie abaki na bluzi tupu, huu watauweka wapi?

Hata hivyo siwezi kulipuuza kundi la kwanza. Sikiliza "Backwater Blues" ya Februari 1927, aliyoitunga mwenyewe, akisindikizwa na piano ya James P. Johnson peke yake. (Wengi huuhusisha na mafuriko makuu ya Mississippi, ingawa ulirekodiwa kabla ya mafuriko hayo.) Hapo hakuna mzaha wala madoido, ni mtu aliyefukuzwa na maji nyumbani kwake. Mwezi uliofuata alirekodi "Alexander's Ragtime Band" na bendi. Inachangamsha, lakini haikai moyoni kama ule wa mafuriko.

Ila tofauti hiyo ni ya ubora wa tungo. Mpaka kati ya bluzi na muziki wa soko ni jambo jingine, na waliouchora kwa kiasi kikubwa ni wauzaji. Kampuni za santuri zilikuwa na orodha maalumu za wanunuzi Weusi, na Bessie alitolewa humo hata alipoimba nyimbo zilezile zilizoimbwa na Wazungu. Rangi ya ngozi ilitangulia muziki. Ajabu ni kwamba wakusanyaji wa baadaye waliupokea mpaka huo wakauita uhalisia.

Bessie mwenyewe hakuutambua mpaka huo. Mwaka 1933, mdororo wa uchumi ukiwa umeshaangusha soko la santuri na Columbia wakiwa wameachana naye, mtayarishaji wa muziki John Hammond alimrudisha studio kwa nyimbo nne. Bessie hakutaka majonzi ya zamani. Watu walikuwa na dhiki za kutosha. Alichagua nyimbo za kusisimua zenye mdundo wa swingi, yaani jazi ya kuchezeka, ikiwemo "Gimme a Pigfoot", ambayo leo hata wale wakali wa bluzi tupu huipigia makofi.