Kutoa Risasi Gatini: Hoja ya Magazini ya Kuchomoa

Ukikaa gati la Mokowe asubuhi utaona kila kitu cha Lamu kikipita majini: magunia ya unga, mitungi ya gesi, mbuzi, bibi harusi na wenziwe, mara nyingine jeneza. Na mara mojamoja bunduki, ya polisi wa akiba, ya askari wa wanyamapori, au ya mwenye leseni anayeipeleka kukaguliwa. Mzee mmoja niliyekuwa naye polisi wa akiba upande wa Witu, mtu aliyeibeba bunduki ya Mark 4 nusu ya umri wake, alinijia juu juzi barazani. Alikuwa amesikia kwamba jirani yetu mwenye ranchi, ambaye ana leseni, anataka kuiacha bunduki yake ya zamani ya komeo achukue mpya, ya komeo vilevile ila yenye magazini (kisanduku cha risasi) ya kuchomoa, na kwamba mshauri wake ni mimi. "Kitu kinachotoka," akaniambia, "iko siku kitatoka chenyewe."

Maneno hayo si ya kupuuzwa. Bunduki ya komeo, ile ya kuvuta na kusukuma kwa mkono kila baada ya mlio, hula risasi kwa njia mbili. Iko yenye sanduku la ndani, limefichwa kwenye mbao, risasi zinatiwa kwa juu. Mama wa hizo ni Mauser ya Ujerumani ya mwaka 1898, risasi tano zimepangwa zigizaga tumboni na hakuna kinachochomoza chini. Na iko yenye magazini unayoichomoa nzima nzima. Mwenye sanduku la ndani hana cha kudondosha. Mwenye magazini ya kuchomoa akiiangusha kwenye matope ya mikokoni amebaki na bunduki ya risasi mojamoja, na ziko bunduki za siku hizi ambazo hata hiyo moja ukiilaza juu bila magazini chini yake haiingii vizuri. Kitufe cha kuachia kinaweza kubonywa na mkanda au na ukingo wa mashua. Na ukitaka magazini nyingine lazima upitie kwa muuzaji mwenye leseni, ambaye humkuti kwenye vichochoro vya Mkomani, mtaa wetu wa Lamu.

Kama angeishia hapo ningenyamaza. Lakini ushahidi mkubwa wa mzee ni Mark 4 yenyewe, jinsi ilivyokuwa ikijamu, na hapo ndipo tulipoachana.

Mark 4 ni Lee-Enfield ya Waingereza, kaliba .303, na sanduku lake la risasi 10 kweli linatoka. James Paris Lee alilipatia hataza sanduku la namna hiyo huko Marekani mwaka 1879, na jeshi la Uingereza likaanza kutumia bunduki yenye sanduku la Lee mwaka 1888. Ila halikutolewa ili libadilishwe vitani. Zile za mwanzo sanduku lilifungwa kwenye bunduki kwa pete ya mnyororo, kama funguo, lisipotee. Askari alikuwa na moja, la bunduki yake, ambalo fundi amelinyoosha midomo mpaka likakubaliana na komeo la bunduki hiyo. Alilitoa alipotaka kusafisha. Kujaza alijazia kwa juu, kwa klipu za risasi tano tano.

Sisi tulifanyaje? Siku ya kusafisha tuliyachomoa yote tukayarundika kwenye turubai moja, na kila mtu akaokota lililo karibu. Halafu tukalaumu bunduki. Juu ya hilo, risasi ya .303 ina ukingo uliochomoza kitakoni, mfano wa kifuniko kinavyopita mdomo wa sufuria. Ukingo wa risasi ya juu ukikaa nyuma ya ukingo wa ile ya chini, ya juu haiendi mbele mpaka iiburute ya chini, na zote mbili zinakwama. Anayejaza ovyo hukwama hata kama sanduku limetoka kiwandani jana. Risasi ya .308, ambayo ndiyo jirani anayoitaka, haina ukingo uliochomoza. Kwa hiyo mambo mawili yaliyoipa magazini ya kuchomoa jina baya kwetu, sanduku la mwenzako na ukingo wa risasi, hakuna hata moja linaloihusu bunduki inayozungumzwa.

Upande huu nao, niseme ukweli, una watetezi wabaya. Vijana huitetea magazini ya kuchomoa kwa kasi: unachomoa moja, unapachika nyingine, unaendelea. Kasi ya nini? Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya tangu 1977. Aliyebaki na bunduki ya komeo kwa halali hapa ni mlenga shabaha, mwenye mifugo, au askari anayeitwa pale viboko wa Ziwa Kenyatta wanapoingia mashambani Mpeketoni. Na nyati akikutokea kichakani mambo yatakwisha kwa risasi ya kwanza au ya pili, kwa heri au kwa shari, kabla hujagusa magazini ya akiba mfukoni. Anayenunua kwa ajili ya kasi ananunua sinema.

Hoja yangu iko gatini. Mashua haipandi bunduki yenye risasi, ama tuseme haipaswi kuipanda, na hapa kwetu hakuna safari isiyo na mashua. Mwenye bunduki bara huitoa risasi mara moja jioni, nyumbani kwake, ametulia. Wa Lamu huitoa gatini, akaijaza akishuka upande wa pili, akaitoa tena akirudi, mara mbili kwa safari moja ya kwenda na kurudi. Sasa tazama inavyotolewa. Sanduku la ndani lisilo na mlango chini halina njia nyingine ila ile ile ya kupigia: unavuta komeo, unasukuma, risasi hai inapanda, pua yake inaingia chemba, yaani pale nyuma ya mtutu inapolilia, unaivuta inaruka nje. Risasi tano, mara tano. Mtutu unauelekeza wapi? Kulia kuna abiria, kushoto kuna wachukuzi, mbele kuna maji na majini kuna mashua, chini ya mbao kuna watoto wanaoogelea.

Wanaojua watasema hakuna haja ya kulifunga komeo hadi mwisho. Ni kweli kwa bunduki za ukoo wa Mauser, ambazo ukucha wake huishika risasi kitakoni mara inapotoka sandukuni, hivyo unaweza kuirudisha ikiwa nusu ya njia. Lakini bunduki nyingi za baadaye, Remington 700 ya mwaka 1962 ikiwa mashuhuri kati yake, haziishiki risasi mpaka komeo lifungwe. Ukirudisha katikati, risasi inabaki imelala mle ndani na wewe unaichokoa kwa kidole. Kwa hiyo mtu huchoka kuchokoa na huanza kufunga. Anafunga juu ya risasi hai, anafungua, anafunga, mkono mmoja uko inchi chache kutoka kwenye kifyatuo, na kule chini nahodha anapiga kelele kwamba maji yanakupwa. Kuna jambo jingine dogo ambalo asiyewahi kuandika maelezo kituoni hatalijali: risasi iliyoruka ikapita kati ya mbao za gati haipatikani tena, na kila risasi ina hesabu yake.

Remington 700 zilizotengenezwa kabla ya 1982 ziliongeza shida juu ya shida, maana sefti, kile kizuizi cha kufyatua, ilifunga na komeo pia. Ili utoe risasi ilibidi kwanza uiondoe sefti. Mwaka 2000, huko Montana, Marekani, mama mmoja aliisukuma sefti ya bunduki ya aina hiyo ili aweze kutoa risasi, bunduki ikalia, na mwanawe wa miaka tisa aliyekuwa upande wa pili wa trela ya farasi akafa. Mtu makini ataniambia magazini ya kuchomoa isingemwokoa mtoto yule, kwa sababu risasi ilikuwa tayari chemba. Nakubali. Ila najiuliza kwa nini watu hutembea na risasi chemba, na jibu nililoliona kwa macho yangu ni kwamba kuitoa ni taabu. Kazi ikiwa ngumu, mtu huiahirisha mpaka ng'ambo. Nimekaa kwenye mashua na wanaume watu wazima waliokuwa wameahirisha.

Kwa magazini ya kuchomoa unabonya, risasi zote zimetoka kwa pamoja, hakuna iliyopita chemba, hakuna iliyodondoka. Unavuta komeo mara moja kuhakikisha. Ukifika ng'ambo unapachika. Sekunde tatu, na kwa kuwa ni sekunde tatu, hutaahirisha.

Mtetezi wa sanduku la ndani bado ana majibu, na mawili ni mazuri. La kwanza, ziko zenye mlango wa bawaba chini: unaubonya, risasi zinakuangukia kiganjani. Hiyo inamaliza karibu mzozo wangu wote, na mwenye nayo sina la kumwambia ila akinge kiganja vizuri zisimdondoke. La pili, Mauser ya zamani ina sefti ya hatua tatu, na hatua ya kati huzuia kipigio, ile pini inayogonga risasi, huku ikiliacha komeo liende. Ni ufundi mzuri kuliko nyingi za leo. Na upande wangu una hatari yake, kubwa: mtu akishachomoa magazini huamini bunduki ni tupu. Si tupu, iliyoko chemba iko pale pale. Na atakayegeuza utaratibu, akavuta komeo kwanza ndipo achomoe magazini, ametoa risasi moja na kupandisha nyingine kwa mkono wake mwenyewe. Magazini kwanza, kisha komeo, kisha jicho, kisha kidole ndani ya chemba. Asiyeweza kushika hayo kwa mpangilio akae na sanduku la ndani, au bora zaidi akae bila bunduki.

Basi tuseme jirani anaichukua. Aangalie nini?

Midomo. Magazini ni sanduku, springi na kibati cha kusukuma, lakini kinachoamua kama risasi itaingia chemba au itagonga ukuta ni ile midomo miwili ya juu. Ikipanuka kidogo risasi hupanda mapema ikaelekeza pua juu; ikibana, komeo hupita juu yake na kufunga patupu. Magazini ikianguka sakafuni kwa mdomo, usiirudishe kazini mpaka uijaribu upya. Ziko zinazotoa risasi katikati, moja nyuma ya nyingine, mfano wa zile za mtindo wa Accuracy International, kiwanda cha Uingereza, ambazo bunduki nyingi sasa zimefuata, na ziko zinazotoa kushoto na kulia kwa zamu. Zile za katikati huingia chemba kwa njia iliyonyooka lakini kujaza kwake ni kazi ya gumba. Zenye zamu hujazwa kwa raha. Sitagombana na mtu kwa hilo. Bunduki ndiyo inayochagua, kwa kuwa imechongwa kwa moja tu.

Kitufe. Sako, watengeneza bunduki wa Finland, wana ujanja ninaoupenda: ili magazini itoke lazima uisukume juu kidogo huku umebonya. Mkanda hauwezi kufanya mawili kwa pamoja. Hilo ndilo jibu la "kitatoka chenyewe", na nilimpa mzee bunduki ya namna hiyo ya mtu mwingine, iliyo tupu, aijaribu kwa kiwiko, kwa goti, kwa ukingo wa baraza. Haikutoka.

Chuma au plastiki? Hapa wazee huteta zaidi, maana plastiki kwao ni mali ya ndoo. Bunduki ya Tikka T3 ilipotoka mwaka 2003 na magazini ya plastiki ngumu, watu wa bara ya Ulaya nao walinuna. Mimi nasema njoo uone mabati ya Lamu yanavyoliwa, uone nondo zinavyopasua nguzo za nyumba zilizojengwa kwa mchanga wa pwani, ndipo uniambie habari za chuma. Chuma chembamba kilichopakwa rangi, rangi ikikwaruzika pembeni, msimu mmoja wa kusi unatosha kutu ianze. Plastiki haina kutu, na ikianguka aghalabu hurudi umbo lake badala ya kubaki imepinda. Chuma kinaishinda plastiki kwenye unyoofu wa midomo, na kwenye jua la kiooni mwa gari. Lakini anayenunua plastiki akadhani ameikimbia chumvi amejidanganya, maana springi ndani ni ya chuma vilevile, na ndiyo inayofanya kazi. Watu huogopa kuiacha springi imebanwa kwa muda mrefu. Springi nzuri haichoshwi na kukaa imebanwa kama inavyochoshwa na kubanwa na kuachiwa mara nyingi, na kuliko vyote hivyo, na kutu. Ifunguliwe, ifutwe kwa kitambaa kikavu, ipakwe mafuta membamba kabisa kisha yafutwe. Mafuta mengi hukusanya mchanga wa Shela na kufanya gundi.

Achukue za risasi tano. Ya 10 huning'inia chini, hugonga ubao wa mashua, na anayelala chini kulenga humwinua. Achukue tatu zote za kiwanda kilichotengeneza bunduki yenyewe hata kama ni ghali, azipake namba 1, 2, 3 kwa rangi ya mlango, na azijaribu kwa risasi bandia: imejaa kabisa huku komeo limefungwa juu yake, polepole, kwa nguvu, risasi ya mwisho peke yake. Ya kwanza na ya mwisho ndizo zinazofichua. Itakayojamu mara mbili arudishe dukani. Asiitie akiba, kwa sababu siku ya haja ndiyo atakayoiokota.

Mzee alikaa na magazini ya plastiki mkononi muda mrefu. Akaibonya kibati kwa gumba, akaisikiliza ikirudi, akaigeuza. Kisha akauliza kama springi yake inaweza kununuliwa peke yake.